Komeo la Kuhesabu na Taa ya Behewa la Mwisho

Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam wakati wa Wajerumani, ikafika Dodoma mwaka 1910, ikapita Manyoni, ikaingia Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilikuwa njia moja tu, ya kwendea na kurudia. Ndiyo maana sisi wa Singida tulijua mapema kwamba kungoja si uzembe: treni ilisimama stesheni kwa kuwa kipande cha njia kilichokuwa mbele kilikuwa na mwenyewe.

Katika maandishi yake ya mwaka 1965, Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza namna ya kuzuia kazi za kompyuta zinazokwenda pamoja zisigongane. Jina aliliazima relini: semafori, ile ishara ya mkono kando ya njia. Semafori yake ni namba tu. Kazi itakayo kupita huipunguza. Ikikuta sifuri, hungoja.

Komeo la kuhesabu ni la ukoo huo huo. Tuseme kazi imegawiwa vijana watano, na wengine wawili wanangoja hadi wote wamalize. Komeo huanza na tano. Kila amalizaye hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri mlango hufunguka. Lugha ya Java ilipewa komeo la namna hiyo mwaka 2004, nalo ni la mara moja: likishafunguka halifungwi tena.

Je, ndugu msomaji, kwa nini lisirudishwe tu kwenye tano? Kwa sababu sifuri hutuambia kwamba wafanyao kazi wamemaliza, lakini haituambii kwamba waliokuwa wakingoja wamekwisha kutoka. Pengine mmoja yu bado kizingitini. Hesabu ikirudishwa upesi, ataamka aione tano, naye atarudi kungoja ilhali duru yake imepita. Aweza kungoja milele, na programu ikaduwaa bila kutaja kosa lolote. Dawa ni mbili: kuwahesabu pia wanaotoka, ama kuipa kila duru namba yake, ili anayengoja aulize kama duru yake imepita, asiulize hesabu imebaki ngapi.

Watu wa reli walilijua jambo hili zamani. Mtu wa ishara hakuridhika kuiona injini ikiingia. Alitafuta taa nyekundu ya behewa la mwisho. Isipoonekana, huenda mabehewa yalikatika yakabaki njiani, na kipande kile hakikupewa treni nyingine.

Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani bila breki, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kisa kile kilikuwa cha breki, si cha ishara; hata hivyo kilituonyesha kwamba njia haiwi tupu kwa kuwa injini imekwisha kupita.

Nasi mikutanoni huwahesabu kwa bidii wanaofika. Anayesimama mlangoni kumwangalia wa mwisho kutoka ni nadra, na kumbe ndiye anayetuwezesha kuanza tena kesho.