Max Baer wa Filamu na Max Baer wa Ulingoni

Juni 13, 1935, huko Long Island City, New York, James Braddock alimshinda Max Baer kwa pointi katika raundi 15 na kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Muda mfupi kabla ya hapo Braddock alikuwa kibarua wa bandarini, na familia yake iliishi kwa posho ya serikali, ambayo baadaye aliirudisha. Ron Howard alikitengenezea kisa hicho filamu, Cinderella Man, mwaka 2005, Russell Crowe akiwa Braddock. Umaskini unaoonyeshwa humo ni wa kweli, na umeonyeshwa vizuri. Uongo umewekwa kwa mpinzani: Baer wa filamu ni katili anayejigamba kwa watu waliokufa kwa ngumi zake, tena anamkejeli hata mke wa Braddock.

Aliyekufa baada ya kupigana naye ni Frankie Campbell, ambaye jina lake halisi lilikuwa Francisco Camilli. Walikutana San Francisco, Agosti 25, 1930. Katika raundi ya tano Campbell alibanwa kwenye kona. Kamba za ulingo zilimshikilia asianguke, Baer akaendelea kupiga, na mwamuzi alichelewa kuingilia. Campbell alifariki siku iliyofuata. Baer alikamatwa kwa tuhuma ya kuua bila kukusudia, kisha akaachiwa. Kifo hicho kilimtesa maisha yake yote, na sehemu ya fedha za mapambano yake aliipeleka kwa familia ya marehemu. Miezi iliyofuata alipigana kwa kusitasita, akashindwa na Ernie Schaaf na Tommy Loughran.

Schaaf ndiye maiti wa pili anayebebeshwa Baer. Ni kweli Baer alimpiga vibaya Agosti 1932, lakini Schaaf alifariki Februari 1933, siku chache baada ya kuangushwa na Primo Carnera. Wako waliodai kwamba kipigo cha Baer ndicho kilichomdhoofisha. Kutoka dai hilo hadi kumfanya muuaji mwenye majigambo ni mbali mno, na hapo filamu imemdhulumu Baer. Watu wa zama zake walimjua Baer kama mcheshi, mpenda starehe na mvivu wa mazoezi, na uvivu huo ulichangia sana kumpokonya ubingwa mbele ya Braddock.

Braddock naye hakukaa nao sana. Juni 22, 1937, mjini Chicago, alimwangusha Joe Louis katika raundi ya kwanza, kisha akatolewa kwa nokauti katika raundi ya nane. Baer alifariki mwaka 1959 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 50. Filamu ilipotoka, aliyesimama kumtetea hadharani ni mwanawe, mwigizaji Max Baer Jr.