Kemikali zitokanazo na klorini katika maji hupimwaje?

KLORINI imeokoa maisha ya mamilioni ya watu kwa kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo katika maji ya bomba. Hata hivyo, dawa hiyo ikikutana na mabaki ya majani na mimea iliyooza majini huzaa kemikali nyingine, baadhi yake zikihofiwa kuchangia saratani, hasa ya kibofu cha mkojo, kwa wanaozinywa kwa miaka mingi.

Jambo hilo lilibainishwa mwaka 1974 na Johannes Rook, mwanakemia wa mamlaka ya maji ya mji wa Rotterdam, Uholanzi. Alionyesha kuwa klorofomu na jamii yake, ziitwazo kwa pamoja trihalomethani, hutokana na kuyatia maji klorini. Watafiti wa Marekani walitangaza matokeo kama hayo mwaka huohuo.

Mwaka 1979, Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 100 za trihalomethani kwa lita moja ya maji, kisha mwaka 1998 ikakishusha hadi 80. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kundi jingine, asidi za haloasetiki, liliwekewa kikomo cha mikrogramu 60.

Kupima kiasi kidogo namna hiyo kunahitaji uangalifu tangu bombani. Trihalomethani hugeuka mvuke upesi, hivyo chupa ndogo ya kioo hujazwa hadi juu pasipo kuacha hata kiputo cha hewa. Aidha, hutiwa kemikali ya kuzima klorini iliyobaki, la sivyo itaendelea kuzalisha trihalomethani ndani ya chupa na kupotosha matokeo. Sampuli huhifadhiwa kwenye baridi na kupimwa ndani ya siku 14.

Maabara hutumia kromatografia ya gesi, mtambo unaotenganisha kemikali hizo moja baada ya nyingine na kulinganisha kila moja na kipimo kinachojulikana.

Mahali pa kuchotea sampuli nako kuna uzito. Kadiri maji yanavyokaa kwenye mabomba, hasa wakati wa joto, ndivyo trihalomethani zinavyoongezeka. Kipimo cha kiwandani peke yake, kwa hiyo, hakiwezi kueleza anachokunywa mkazi wa mwisho wa bomba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasisitiza kuwa kuua vijidudu kusilegezwe kwa kuhofia kemikali hizi, kwa kuwa maji machafu huua kwa siku chache, ilhali hatari ya kemikali hizi ni ndogo na ya muda mrefu. Njia bora ni kuchuja na kuondoa mabaki ya mimea kabla ya kutia klorini, kisha kupima mara kwa mara.