Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Nani Amegharimia Ukweli wa Kewanja?

Kila muhula wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile: Dokta, fedha za uandishi wa habari za uchunguzi zinapatikana wapi? Huwatajia mashirika ninayoyafahamu, nao huandika majina na kwenda zao. Hata hivyo, orodha ya wafadhili ni nusu tu ya jibu. Fedha za uchunguzi zina historia yake, na historia hiyo hueleweka vyema zaidi ukiitazama kutoka sehemu moja mahususi. Katika makala haya nimechagua kijiji cha Kewanja, Nyamongo, wilayani Tarime, ambako kwa zaidi ya miongo miwili mgodi wa dhahabu wa North Mara umekuwa jirani wa mashamba, shule na makaburi ya watu.

Tuanze na mgodi wenyewe. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 2002. Mwaka uliofuata mgodi ulichukuliwa na kampuni ya Placer Dome ya Kanada, na mwaka 2006 Barrick, nayo ya Kanada, ikainunua Placer Dome. Mwaka 2010 ikaundwa African Barrick Gold, hisa zake zikauzwa katika soko la London; mwaka 2014 ikabadili jina na kuitwa Acacia; mwaka 2019 Barrick ikaichukua tena yote, na hatimaye Serikali yetu ikapata asilimia 16 kupitia kampuni ya Twiga. Msomaji aone jambo moja hapa: kwa muda wote huo mwananchi wa Kewanja alibaki pale pale, ilhali aliyepaswa kuulizwa maswali alihama kutoka Vancouver hadi Toronto, na kutoka Toronto hadi London. Uchunguzi wa jambo la namna hii hauishii kwenye nauli ya kutoka Tarime mjini hadi Nyamongo. Unadai kusoma taarifa za masoko ya hisa, kupima maji katika maabara, kumlipa wakili wa kupitia maandishi kabla hayajachapishwa, na kumtunza mwandishi kwa miezi kadhaa ambayo hatatoa hata habari moja.

Je, nani alikuwa na uwezo huo? Mwaka 2009, wakazi walipolalamika kwamba maji ya mto Tigithe yamechafuka, sampuli za maji na udongo za kuaminika zilichukuliwa na wanasayansi wa Norway wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwaua kwa risasi watu watano mgodini, miongoni mwa umati wa wale walioitwa wavamizi, yaani watu wanaoingia kuokota mawe yenye masalia ya dhahabu. Siku chache baadaye, wanasiasa na waandishi wa habari waliokuwa wakifuatilia miili ya marehemu walikamatwa mjini Tarime. Kesi iliyofunguliwa na wakazi kadhaa ilikwenda Mahakama Kuu ya London mwaka 2013, ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015. Kampuni imekuwa ikikana kuhusika na mauaji, ikisema kwamba polisi ni chombo cha dola na hakiko chini ya amri yake. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa, na ndiyo maana inahitaji kuchunguzwa na mtu asiyelipwa na upande wowote.

Kisha ukaja Juni 2019. Shirika la Forbidden Stories lenye makao yake Paris, ambalo huendeleza kazi za waandishi waliouawa, kufungwa au kutishwa, liliwaunganisha waandishi wapatao 40 katika mradi uliohusu migodi ya nchi tatu: Guatemala, India na Tanzania. Upande wa Tanzania, mgodi uliochaguliwa ulikuwa North Mara. Habari zilitoka katika magazeti makubwa ya Ulaya, likiwemo The Guardian la Uingereza na Le Monde la Ufaransa. Zilieleza mauaji, ubakaji, hofu ya uchafuzi wa maji, na vitisho na udhibiti walivyokumbana navyo waandishi waliojaribu kuufuatilia mgodi huo. Mwezi mmoja kabla, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikuwa limeutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji kutoka bwawa la maji yenye sumu. Wapo waliosema kwamba wageni wametuingilia mambo yetu. Mimi nasema wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kupona kwa mwenyeji kuna masharti, nayo ndiyo kiini cha makala haya.

Sharti la kwanza ni lugha. Mambo ya Kewanja yalielezwa kwa upana zaidi katika Kiingereza na Kifaransa. Mama aliyesimulia habari ya mwanawe aliyepigwa risasi alisimulia kwa Kikurya au Kiswahili, kisha simulizi lake likasomwa na watu wa Manchester kabla ya majirani zake. Sharti la pili ni muda. Mgeni huja kwa wiki kadhaa na huondoka. Mto hubaki ukitiririka. Machi 2022 maji ya mto Mara, unaopokea maji ya Tigithe, yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya Serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikatamka kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea. Watu wengi hawakuamini. Siwezi kusema kamati ilikosea, kwa maana mimi si mkemia. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa Mara aliyetaka kuihakiki kauli ile alihitaji sampuli zilizochukuliwa mapema na maabara huru ya kuzipima, na vyote viwili ni fedha. Pasipo fedha, mjadala wa kitaifa juu ya maji ya mto mzima uligeuka kuwa kejeli za mitandaoni, na kejeli haimsaidii anayechota maji yale.

Sharti la tatu ni usalama. Mwandishi wa kujitegemea wa mkoani hulipwa kwa habari iliyochapishwa. Siku alizotumia kuchunguza hazihesabiwi. Wengi hawana mkataba wala bima. Azory Gwanda, aliyeandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti, alikuwa mwandishi wa aina hiyo; alitoweka tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana hadi leo. Mwaka huo huo gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24 kwa kuchapisha habari zilizowahusisha marais wastaafu na mikataba ya madini. Gazeti likifungiwa, mwandishi wake hukosa mshahara, na hakuna ruzuku ya miezi mitatu inayoweza kuziba pengo la miaka miwili. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Uamuzi huo ulikuwa wa maana kubwa, lakini haukurudisha mishahara iliyopotea.

Sasa tuitazame historia ya fedha zenyewe. Mwaka 1969, nchini Marekani, Philip Stern alianzisha mfuko wa kuwasaidia waandishi wa uchunguzi. Mmoja wa wanufaika wa mwanzo alikuwa Seymour Hersh, mwandishi asiye na ajira ya kudumu, aliyepewa dola 250, kisha dola 2,000, ili afuatilie fununu ya mauaji ya raia huko My Lai, Vietnam. Mwaka 1970 alipata Tuzo ya Pulitzer. Fedha zilikuwa kidogo, lakini zilifika mapema, na zilitolewa na watu waliozungumza lugha ya wasomaji wake.

Barani kwetu, jukwaa la FAIR liliundwa mwaka 2003 likatoa ruzuku kwa waandishi wa uchunguzi wa Afrika, ila halikudumu. Hapa Tanzania ulianzishwa mwaka 2008 Mfuko wa Vyombo vya Habari, uliojulikana kwa kifupi TMF, kwa fedha za nchi wahisani za Ulaya, na baadaye ukawa taasisi kamili. TMF ilifanya jambo ambalo wengi wamelisahau: ilimpa fedha mwandishi mmoja mmoja, akiwemo wa kijijini, ikamwekea na mlezi wa kumwongoza. Nje ya nchi wapo Pulitzer Center na Wakfu wa Kimataifa wa Wanahabari Wanawake, uliowahi kuwa na mpango mahususi wa eneo la Maziwa Makuu. Lakini ukisoma masharti ya ruzuku nyingi za kimataifa utakuta pendekezo kwa Kiingereza, bajeti iliyochanganuliwa, na barua ya mhariri anayeahidi kuchapisha. Mwandishi wa Tarime anayetuma habari kwa simu yake huondolewa kabla hajaanza. Na mapema mwaka 2025, Serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya habari duniani ilikwama kwa amri iliyosainiwa Washington. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, tumewahi kujigharimia wenyewe? Naam. Mwaka 1993 Stan Katabalo alifichua jinsi kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilivyogawiwa kwa mkubwa wa kijeshi kutoka Falme za Kiarabu. Aliandika katika gazeti la Mfanyakazi, mali ya chama cha wafanyakazi. Gazeti lile lilikuwa la watu wenye kadi za uanachama, na aliliandikia kwa Kiswahili. Mfano mwingine uko Afrika Kusini, ambako kituo cha amaBhungane hakipokei fedha za serikali wala za makampuni. Huishi kwa wakfu na kwa michango ya wasomaji, na ni miongoni mwa waliochambua nyaraka za familia ya Gupta mwaka 2017, nyaraka zilizoitikisa dola.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nawakumbusha kwamba Sheria ya Huduma za Habari Na. 12 ya mwaka 2016, sheria ile ile iliyolaumiwa kwa ukali wake, iliunda Mfuko wa Mafunzo wa vyombo vya habari, na miongoni mwa malengo yake ni utafiti. Inataka pia mwajiri awakatie bima watumishi wake. Kumbe tayari tunayo milango miwili ya kisheria. Pingamizi lipo, nami nalikubali: Serikali yenye hisa katika mgodi haiwezi kuwa mfadhili pekee wa anayeuchunguza mgodi huo. Basi fedha za umma ziishie kwenye mafunzo, bima na maabara za vyuo vikuu zinazopima maji kwa bei nafuu bila kumuuliza mwandishi nia yake. Uchaguzi wa habari ya kuchunguzwa uachwe kwa mfuko wa wananchi, vyama vya waandishi na wasomaji.

Kwa wanaharakati, msiwageuze waandishi kuwa wapiga debe wa ripoti zenu. Mkiwa na fedha, toeni kwa ajili ya swali, nalo jibu lije lilivyo, hata likiipa kampuni haki. Na kwa wanafunzi wangu: ombeni ruzuku hizo za nje, tena bila haya, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Ila katika kila bajeti mtakayoandika wekeni mistari mitatu: malipo na bima ya mwenzenu wa kijijini, gharama ya kuhakiki kwa kipimo, na gharama ya kuchapisha kwa Kiswahili na kurudisha matokeo kwa waliohojiwa. Mfadhili akiifuta mistari hiyo, mwulizeni anataka habari hiyo kwa ajili ya nani.

Dhahabu ya Kewanja huuzwa mbali, na huo ndio utaratibu wa biashara duniani. Ukweli wa Kewanja nao umekuwa ukisafirishwa mbali ukiwa ghafi, ukisafishwa huko na kusomwa huko. Kuhusu dhahabu tulipiga kelele mwaka 2017, tukadai ichenjuliwe nyumbani. Kuhusu ukweli, bado hatujadai.