Mwanya

Mwanya (wingi: mianya) ni nafasi nyembamba kati ya vitu viwili vilivyokaribiana, hasa ile iliyopo kati ya meno mawili ya mbele ya juu. Nomino hii imo katika ngeli ya U-I: mwanya umezibwa, mianya imezibwa.

Mwanya wa meno hutokea meno yanapoota bila kugusana. Mara nyingi ni umbile la kuzaliwa, na katika Afrika Mashariki watu wengi huuhesabu kuwa pambo la uso na tabasamu.

Neno hili hutofautiana na mengine ya karibu. *Pengo* ni nafasi inayobaki jino linapong'oka. *Ufa* ni mpasuko wa kitu kilichokuwa kizima, kama ukuta. *Upenyo* ni nafasi ya kupitia.

Kwa maana ya kitamathali, mwanya ni fursa: *kupata mwanya* ni kupata nafasi ya kufanya jambo. Huweza pia kuwa udhaifu unaoruhusu uovu, kama katika *mianya ya rushwa*, ambayo viongozi na wanahabari husema inapaswa kuzibwa.