Silinda ya kukunjia, silinda ya kufungulia

Kipande kikiokotwa kwenye mabaki ya ndege ya mabomu ya Vita Kuu ya Pili, wengi hukiita kwa umbo lake: silinda. Jina hilo halitoshi. Silinda ilisukuma nini?

Tuseme ipo mezani, alumini yake imeliwa na chumvi, na muuzaji anasema ilikunja magurudumu ya B-17. Haiwezekani. B-17 ilikunja magurudumu kwa mota za umeme, na flapu na milango ya mabomu vivyo hivyo. Mafuta ya haidroliki yaliachiwa hasa breki na vibao vya kupitisha hewa ya kupoza injini. Kwenye B-24, magurudumu, flapu na milango ya mabomu vyote viliendeshwa kwa mafuta. Anayejua kazi ya silinda amekwisha kupunguza orodha ya ndege.

Kwa Waingereza kifaa hicho ni jeki. Fundi wa Nakuru au Mwanza akisikia jeki anaona kitu cha kuinulia gari, hivyo hati ya Lancaster ikitaja jeki ya magurudumu atadhani ni chombo cha karakana, kumbe kimo ndani ya ndege yenyewe. Hapa naona kauli ya kutendea inatufaa kuliko neno lolote la kuazima: kukunja, kukunjia; kufungua, kufungulia. Silinda ya kukunjia magurudumu. Silinda ya kufungulia milango ya mabomu. Ni istilahi ndefu, na ninazitetea, kwa sababu huwezi kuziandika kabla hujajua kifaa kilifanya nini.

Viungio vya mabomba navyo husema. Vya Marekani vyenye alama AN, yaani kipimo cha pamoja cha jeshi la nchi kavu na la majini, ni vya buluu vikiwa vya alumini na vyeusi vikiwa vya chuma. Namba 4 baada ya kistari ni bomba la 4/16 ya inchi, yaani robo inchi kwa nje. Ukikisogeza kiungio karibu na jicho, utaona kati ya nyuzi na koni kuna sehemu isiyo na nyuzi. Kwenye kipimo cha zamani zaidi, AC, nyuzi hufika hadi kwenye koni.

Usisahau mafuta yaliyoganda ndani. Ya buluu yalitengenezwa kwa mafuta ya nyonyo na yalikwenda na sili za mpira asilia. Mekundu ni ya madini, yanayoharibu mpira huo, nayo yalitaka mpira wa kiwandani. Kwa hiyo usioshe kipande kabla ya kutazama.

Kazi isipojulikana, naandika kwenye lebo "silinda ya mafuta, kazi bado", kisha nanakili namba iliyogongwa, herufi na vistari vyote, ili mwenye kitabu cha vipuri cha ndege hiyo aweze kuitafuta.