Picha na Neno katika Vitabu vya Kwanza: Bonde la Kilombero

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikavipitia vitabu vya shule. Tahajia ikawa moja. Picha, hata hivyo, haisanifishwi. Mtoto wa Ifakara wa siku zile, aliyelelewa kwa Kindamba au Kipogoro, akionyeshwa jahazi alilazimika kujifunza kitu, jina lake na herufi zake kwa mara moja. Akionyeshwa mtumbwi, au mpunga, zilimbakia jina na herufi. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umewasaidia waandishi na wachoraji wa nchini. Mwalimu achaguaye kitabu, nadhani, yafaa ayafunike maneno kwanza, aitazame picha.