Jina Lililozaa Kanuni

Katika Kilatini, vijineno vyenye kazi kama ya kwa, katika na kutoka viliitwa praepositio, maana yake kilichowekwa mbele. Jina lilieleza mahali kijineno kinapokaa, yaani mbele ya nomino. Halikusema kinafanya kazi gani. Hata Warumi wenyewe hawakulitii sawasawa: walipotaka kusema "pamoja nami" walisema mecum, na hapo cum, ambayo ndiyo "pamoja na", imekaa nyuma. Lakini jina lilikuwa limeshashika mizizi, na jina likishashika mizizi huanza kudai haki zake.

Waingereza walipoanza kuandika sarufi ya lugha yao, ya kwanza ikiwa kijitabu cha William Bullokar cha mwaka 1586, walilirithi jina hilo pamoja na wenziwe wote. Msomi wa zama zile sarufi aliijua kwa Kilatini tu, kwa hiyo hakuwa na ghala jingine la istilahi. Shida ni kwamba Kiingereza kina mazoea yake. Kinapenda kukiacha kijineno hicho mkiani mwa sentensi, kama mtu anapouliza Who did you come with? Kilichowekwa mbele kimebaki nyuma! Anayesikia Kilatini ndani ya jina ameshaona kosa kabla hajaisoma sentensi yenyewe.

Aliyelisikia hivyo kwa sauti kubwa alikuwa mshairi John Dryden. Mwaka 1672 aliuchukua mstari mmoja wa mshairi mwenziwe Ben Jonson ulioishia na from, akautoa kasoro. Jonson alikuwa kaburini tangu 1637, naye alikuwa ameandika sarufi ya Kiingereza iliyochapishwa baada ya kufa kwake. Marehemu hakuweza kujibu. Dryden hakujiacha salama mwenyewe. Alipotoa upya insha yake juu ya tamthilia mwaka 1684, alizipitia sentensi zake za 1668 akavihamisha vijineno vya mwishoni kuvirudisha mbele. Mahali pengine alisimulia kwamba akitilia shaka Kiingereza chake hukifasiri kwa Kilatini aone kama kitasimama. Hebu fikiria mshairi mkuu wa taifa anayepeleka lugha ya mama yake kwa hakimu wa kigeni kila inapoteta naye.

Baadaye lawama ya katazo hilo ilibandikwa kwa Robert Lowth, aliyechapisha sarufi yake fupi ya Kiingereza mwaka 1762 na kuishia kuwa Askofu wa London. Hapa watu wamemwonea. Lowth alisema tu kwamba mtindo huo unafaa zaidi mazungumzo, na kwamba maandishi mazito hupendeza kijineno kikitangulia. Tena sentensi aliyotumia kueleza jinsi lugha yake inavyoelekea mtindo huo, yeye mwenyewe aliimalizia na to. Huenda alikuwa anatania, na karne mbili za walimu zikamsoma bila kucheka. Ile hadithi ya Churchill na karani aliyemsahihisha sentensi iliyoishia na kijineno kama hicho, mnayoikuta kila mahali, haina ushahidi wowote kwamba ilimtokea yeye.

Sasa tazama istilahi yetu. Sisi tunakiita kihusishi. Jina limetokana na kuhusisha, yaani kulipa neno moja uhusiano na jingine. Limetaja kazi, halikutaja mahali. Kihusishi kikikaa mbele, nyuma au kikijificha ndani ya kitenzi, jina halivunjiki. Na Kiswahili hukificha kweli. Tukisema "kisu alichokatia nyama", ile i ndogo katika kukatia ndiyo inayobeba mzigo ambao Mwingereza angeubwaga mwishoni mwa sentensi. Tukisema "huyu ndiye niliyekuja naye", tumefunga kwa na iliyofungamana na mrejesho wake, na sijapata kusikia mzee yeyote wa Unguja wala Mombasa akikunja uso. Vipo vitabu vya Kiingereza vya kufundishia Kiswahili vilivyoiita kauli yetu ya kutendea prepositional form. Umbo lililowekwa mbele, na ndani yake hakuna kilichowekwa mbele ya chochote!

Ukishaligundua hili kwenye neno moja, utaliona kila mahali. Kanuni nyingi ambazo mwandishi wa Kiingereza huzikuta zikimsubiri mlangoni zilizaliwa na majina.

Chukua infinitive, kile tunachokiita kitenzi-jina. Kwa Kilatini ni neno moja, halipasuki. Kwa Kiingereza huandikwa kwa maneno mawili, to na kitenzi chake, na tangu zama za kati waandishi waliweza kuchomeka neno katikati. Kisha mwaka 1864 Henry Alford, Mkuu wa Kanisa Kuu la Canterbury, akalipinga jambo hilo kitabuni. Mwishoni mwa karne hiyo likapewa jina lililolimaliza kabisa: split infinitive, kitenzi-jina kilichopasuliwa. Nani anataka kitu kilichopasuliwa? Angalikiita mtu kitenzi-jina kilichopambwa, huenda watoto wa shule wangekuwa wanapewa alama kwa kukitumia. Utangulizi wa Star Trek, mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 1966, ukaichomeka boldly katikati ya to na go, na hadi leo hakuna anayetamani isahihishwe. Gazeti la The Economist lilishikilia katazo hilo katika mwongozo wake wa uandishi hadi mwaka 2018.

Kwetu hilo lingekuwa kichekesho. Kupenda tunakipasua kutwa: kumpenda, kutopenda, kutompenda. Kati ya ku na penda tumeingiza ukanushi, tumeingiza mtendwa, na kitenzi hakikutoa damu.

Istilahi iliyonikalia moyoni zaidi ni passive, yaani kauli ya kutendwa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuteseka, kupatwa na jambo. Kwa hiyo kauli hii ilizaliwa na sifa ya unyonge, na miongozo ya uandishi ikaufanya unyonge huo kuwa hukumu: iepuke, italegeza sentensi yako. William Strunk aliwafundisha hivyo wanafunzi wake wa Cornell katika kijitabu cha 1918, ambacho E. B. White alikifufua mwaka 1959 kikawa msahafu wa waandishi wa Marekani. Mwaka 2009, kitabu kikitimiza nusu karne, mwanaisimu Geoffrey Pullum alikaa na mifano minne waliyoitoa ya ubaya wa kauli hiyo. Mitatu kati yake haikuwa na kauli ya kutendwa hata kidogo. Mmojawapo ni sentensi juu ya majani makavu yaliyolala ardhini. Hakuna aliyetendwa pale. Majani yamelala tu. Ila sentensi imepoa, haina nguvu, na kwa kuwa jina la kauli linanukia udhaifu, kila sentensi dhaifu ikabatizwa jina hilo. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi wa istilahi kumpiga mtu upofu.

George Orwell naye, katika insha yake mashuhuri ya 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni ya kuikwepa kauli hiyo popote inapowezekana. Insha hiyo inatumia kauli ya kutendwa katika sentensi yake ya kwanza kabisa. Simcheki. Orwell alijua kuandika kuliko alivyojua kutunga kanuni, na bila shaka alilihisi hilo, maana kanuni yake ya mwisho inaruhusu kuzivunja zote zilizotangulia kuliko kusema jambo la kishenzi.

Kiswahili nacho hakikuponea hapa. Tunasema kauli ya kutendwa, na kijana wa leo akikwambia "nimetendwa" hazungumzii sarufi. Ameachwa, amesalitiwa, ameumizwa na mpenzi. Lugha mbili zisizo na udugu zimekutana kwenye maumivu yale yale. Hata hivyo kwetu jina hilo halikuzaa katazo. Mhariri wa Kiswahili hakati "aliuawa", "alizaliwa" wala "ametumwa" kwa madai kwamba zimelegea.

Yapo na mengine. Ukanushi maradufu uliitwa maradufu, ukahesabiwa kama hesabu, na Lowth akaandika kwamba vikanushi viwili vinauana. Geoffrey Chaucer, alipomsifu shujaa wake kwamba kamwe hakumtolea mtu neno chafu, alirundika vikanushi vinne, na msomaji wa karne ya 14 hakukaa chini kutoa na kujumlisha. Sisi tunazo njia zote mbili bila kuzigombanisha: "hakuna asiyejua" ni kujua kwa watu wote, ilhali "hapana, sijui" ni kutojua kunakosisitizwa. Neno they nalo likapachikwa jina la kiwakilishi cha wingi, basi kulitumia kwa mtu mmoja kukawa dhambi, ingawa Jane Austen alilitumia hivyo bila wasiwasi. Nafasi yake ilitakiwa ichukuliwe na neno la kiume, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba katika sheria zake neno la kiume lihesabiwe kuwa na la kike ndani yake. Sarufi kwa amri ya Bunge! Na hilo you ambalo leo kila mtu humwambia mmoja lilikuwa la wingi. George Fox, mwasisi wa Maquaker, alishiriki kutoa kitabu kizima mwaka 1660 kuwazomea waliomwambia mtu mmoja you. Alishindwa. Kwa they pia wakatazaji wameshindwa, maana mwongozo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, unaofuatwa na vyuo vingi duniani, uliliidhinisha mwaka 2019. Mswahili anayesema "amekuja" bila kujali ni mume au mke anatazama ugomvi huu kutoka barazani.

Nisieleweke kwamba kanuni hazina kazi katika fasihi. Zina kazi kubwa, ila si ile wanayoitaja walimu. Kanuni humpa mwandishi kitu cha kuegemea au cha kuvunja, na uvunjaji hauna maana mahali ambapo msomaji hatarajii lolote. Sentensi, neno tulilolichukua kwa Waingereza nao wakalitoa kwa Warumi, kwa asili ni wazo au maoni, na darasani tulifundishwa kwamba lazima ilete maana kamili. Charles Dickens alianza Bleak House, riwaya iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1852 hadi 1853, kwa sentensi ya neno moja: jina la mji wa London. Kisha aya nzima za matope na ukungu bila kitenzi kikuu. Hakuna anayetenda, hakuna wakati, kila kitu kimekwama, na riwaya yenyewe inahusu kesi iliyokwama mahakamani miaka na mikaka. Anayejua kwamba sentensi yahitaji kitenzi huusikia ukungu huo ukimwingia kifuani. Asiyejua atasoma tu habari ya hali ya hewa.

Amos Tutuola wa Nigeria alipochapishiwa The Palm-Wine Drinkard huko London mwaka 1952, mshairi Dylan Thomas aliisifia gazetini huku wasomi kadhaa wa Afrika Magharibi wakiona aibu: Kiingereza gani hiki? Miaka 33 baadaye Mnigeria mwenziwe Ken Saro-Wiwa aliwawahi watu wa namna hiyo. Juu ya jalada la Sozaboy alitangaza mwenyewe kwamba ni riwaya ya Kiingereza kilichooza. Alijipa jina kabla hajapewa. Baada ya hapo mhakiki aliyetaka kulalamika juu ya sarufi alibaki na nini cha kusema?

Washairi wetu walilimaliza suala hili zamani kwa kulipa istilahi. Kulifupisha neno ili mizani itimie ni inkisari, kulirefusha ni mazida, kubadili sauti zake bila kugusa mizani ni tabdila, na kupindua mpangilio, "wangu mwana" badala ya "mwana wangu", wanafunzi wa Kenya hukuita kuboronga sarufi. Istilahi hiyo ya mwisho naipenda mno. Kuboronga ni kuharibu kazi kwa uzembe, lakini katika karatasi ya mtihani wa ushairi mtahiniwa huitaja kama uhuru wa mshairi, na akitoa mfano sahihi anapata alama.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Kiingereza wa sekondari zetu na kwa wahariri wanaosahihisha kazi za vijana. Kabla ya kushusha wino mwekundu, jiulizeni kama sentensi imemkwamisha msomaji au imelikwaza jina tu. Ikiwa imemkwamisha msomaji, sahihisheni bila huruma. Lakini mwanafunzi akimaliza sentensi yake na with na mkaielewa kwa kusoma mara moja, mpeni alama yake.